Mtani wa Maji

Kazi ya kwanza ya Msengi kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, ilikuwa kusaga mavi.

Siyo mavi yake, tuelewane mapema. Yalikuwa ya sato waliojazana kwenye tangi lake wakizunguka kutwa kama watu waliopoteza ufunguo. Sato anakula, sato anakunya, na kwa kuwa Msengi alilisha kwa mkono wazi ili wanenepe upesi na yeye asifiwe, walikunya kwa bidii ya kupigiwa mfano. Kwa utaratibu wa Mkufu, ule mzunguko wa matangi yaliyounganishwa kwa mabomba, uchafu huo ulipaswa kusafiri kistaarabu: uzame kwenye koni chini ya tangi, uvutwe hadi kwenye ngoma ya kuchujia, unaswe na wavu mwembamba uliozungushiwa ngoma hiyo, kisha mwenye tangi avae glavu, auchomoe wavu, ausugue kwa brashi asubuhi na jioni, na tope alibebe kwa ndoo hadi kwenye bustani ya mchicha.

Kusugua wavu! Kitu kinanuka kama soksi ya shetani.

Basi Msengi, ambaye cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na alama nzuri ya fizikia na mbaya ya nidhamu, alichukua kinu kikuukuu cha kusagia chakula cha samaki, akakificha kwenye bomba nyuma ya tangi, kabla ya ngoma. Mavi yanaingia mavi, yanatoka kitu kisicho na jina, laini kuliko poda ya mtoto. Wavu hauyanasi. Yakifika langoni, jicho la mashine linalohesabu chembe linakodoa, halioni chembe, linawasha taa ya kijani. Lango linafunguka, maji yanahamia tangi la jirani.

"Safari njema," Msengi aliyaambia asubuhi ile, akapiga saluti.

Ndipo akavaa fulana ya tangi lake. Ilikuwa nyeusi, yenye kibandiko cha baridi kilichokaa kisogoni, na ilipowaka alisikia wepesi kifuani, kama mtu aliyefungua dirisha. Samaki wake walikuwa wanapumua vizuri, kwa hiyo naye alipumua vizuri. Akaanza kupiga mluzi.

Upande wa pili wa ukuta mtu alikohoa. Kho. Kho-kho-kho. Kikohozi kilichoanza kama utani na kuishia kama ugomvi.

"Mtani!" Msengi akaita. "Leo umeamka na trekta?"

"Trekta ni mama mkwe wako," sauti ya Mama Kitundu ikajibu kwa shida. "Siku utakayompata. Maana kwa uso huo..."

"Uso huu unatafutwa na wengi."

"Na polisi."

Kichwa chake kikachomoza juu ya ukuta: mwanamke wa miaka sitini na kitu, kilemba cha kijani, macho makali yaliyoanza kuzungukwa na weusi. Fulana yake ilionekana chini ya kanga, imembana hadi mabega yamepanda.

Kwenye Mkufu, yule unayempelekea maji yako ndiye mtani wako. Waasisi walipoyaunganisha matangi kuwa duara, maji yakitoka kwa huyu kwenda kwa yule hadi kwenye bustani na kurudi tena, waliona mbali: watu wanaopokezana maji ya mavi watagombana hadi kiama. Wakaufunga mlango wa ugomvi mapema. Na jirani wa maji hamshitakiani kwa neno, mnataniana. Akikuita nyani, unacheka. Akifiwa, wewe ndiye wa kuchimba kaburi, na kuku wa msibani ni halali yako. Akiugua, wewe ndiye wa kukaa naye. Na lolote lililosemwa kwenye utani halifiki kwa mwenyekiti.

Msengi alikuwa bingwa wa sheria hiyo. Kikohozi cha Mama Kitundu alikuwa amekisomea kabisa; alikiiga kwenye foleni ya mgao wa chakula, mkono kiunoni, kichwa kikitikisika, hadi watu wakashika mbavu. Mama Kitundu mwenyewe alicheka kuliko wote, kisha akakohoa kweli, na watu wakashindwa kujua ipi nakala na ipi halisi.

"Mtani, wewe huumwi," Msengi akamwambia sasa, akiegemea ukuta. "Unachokikohoa ni mavi yangu. Nayasaga laini kabisa, kwa upendo, nakuletea."

Mama Kitundu alicheka hadi akaushika ukuta kwa mikono miwili. "Mavi yako! Yangekuwa yako ningeshazikwa zamani!"

Msengi naye akacheka. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyelipa faini. Si amesema? Amesema. Nani atadai hakusema?

*

Alhamisi Mama Kitundu alimwita amsaidie kusugua wavu wake, kwa kuwa sasa akiinama kifua kilijifunga. Msengi aliingia akiwa na utani wake tayari mdomoni, akaumeza alipoliona tangi.

Sato walikuwa juu. Wote. Wamening'inia chini ya uso wa maji, vinywa wazi, wakigugumia hewa kama watoto waliokatazwa kulia. Na maji yenyewe, hilo ndilo la ajabu, yalikuwa karibu meupe. Ukiyatazama kwa haraka ungeyasifu. Ni mwanga wa jua uliposhuka kwa ubavu ndipo ulipoona kwamba ndani yake mna kama moshi.

"Nimewapunguzia chakula," Mama Kitundu alisema. "Nimesugua wavu asubuhi, mchana, jioni. Wavu unatoka msafi, Msengi. Msafi! Hauna kitu. Na bado."

Alimnasa sato mmoja kwa kikapu, akamfunua shavu kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemfungua mtoto jicho. Matamvua, ambayo kwa samaki ndiyo mapafu, yalipaswa kuwa mekundu kama damu mpya. Haya yalikuwa yamepauka, yameshikana kwa ute wa kijivu.

"Unaona? Kuna kitu kinaganda humu. Bibi mmoja aliyenifundisha kazi alikuwa akisema, mavi mazima ni mwizi mnene, utamnasa dirishani. Yaliyosagika ni harufu, utaishika wapi? Hayazami, hayachujiki. Yanakaa majini yanatema amonia na kuwaziba." Akamrudisha samaki majini. "Lakini yangu mimi yanasagika wapi? Pampu nimebadilisha. Nimekagua kila bomba."

Kila bomba la kwake, alimaanisha. La jirani hukagui. Jirani ana taa ya kijani.

Msengi alijikuta anasugua wavu ambao ulikuwa msafi tayari.

"Jumamosi wananipima," Mama Kitundu akaendelea. "Mwenyekiti anasema kifua changu kimezeeka, nami nayasingizia maji. Watamvalisha fulana yangu mtu mwenye afya. Akipumua vizuri, basi kosa ni langu."

"Na ikiwa kosa ni lako?"

"Si unajua. Asiye na fulana hana mgao."

Alijua. Kila mtu alijua. Tangu Ziwa lipewe likizo, miaka hamsini bila wavu wala mtumbwi ili lipate kupona, samaki wa nchi nzima walihamia kwenye matangi ya bara, huku Manyoni kwenye ukame. Miaka ya kwanza matangi yalilindwa na vipima-maji vyenye kengele. Watu wakazima kengele, wakalala, samaki wakafa, njaa ikapita nyumba kwa nyumba. Ndipo ikaja fulana, inayokufanya ujihisi umekosa hewa pale samaki wako wanapokosa. Haikunyimi hewa; hewa ipo, mapafu yanavuta, ila kibandiko kimeshakiambia kichwa kwamba hamna, na kichwa kinaamini. Kengele unaweza kuizima. Kifua chako utakizimaje? Anayevaa fulana hula na kunywa kutoka kwenye Mkufu. Anayevuliwa anapanda lori la kwenda popote atakapopokewa.

"Nitakwenda kwa mwanangu Kitundu," Mama Kitundu alisema, akijaribu kutabasamu. "Ana chumba kimoja, mke, watoto, na mbwa. Nitabanana na mbwa. Angalau yeye hatanitania."

Hapo ndipo pa kusema. Msengi alifungua kinywa. Kilichotoka ni: "Mbwa mwenyewe ataomba uhamisho."

Mama Kitundu alicheka, akakohoa, akaketi chini.

Msengi aliporudi kwake aling'oa kinu, akakitupa kwenye magunia. Alijisifu kwa mwendo mzima wa kutoka nyuma ya tangi hadi mbele. Lakini tangi lililoshindiliwa samaki na kulishwa kwa ajili ya sifa halina huruma. Kabla jua halijafika utosini wavu ulikuwa umeziba, maji yamepunguza mwendo, tope linarudi nyuma. Akasugua. Ukaziba. Akasugua tena. Fulana ikaanza kumkumbatia kama shangazi asiyependwa. Ilitaka siku kadhaa za kusugua bila kuinuka, na samaki nusu watolewe, na watu waulize, "Vipi Msengi, kifua cha chuma, leo una nini?"

Mwenyekiti wa Mkufu, Mzee Shankala, akapita njiani wakati huohuo. "Msengi! Jikaze, kijana wangu. Jumamosi yule mama akitoka, tangi lake tumeona tukukabidhi wewe. Unayaweza haya maji."

"Asante, mzee," alisema Msengi.

Alisubiri hadi yule mzee alipopotea kwenye kona, akaenda kwenye magunia, akakirudisha kinu. Kesho, alijiambia. Kifua kikafunguka papo hapo. Ng'ambo ya ukuta, baada ya kitambo, kikohozi kikaanza, na Msengi akawasha redio.

*

Jumamosi watu wa Mkufu walijaa uani kwa Mama Kitundu, wengine wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wengine juu ya ukuta. Mama Kitundu alikuwa amejipamba kwa kanga mpya, kama mtu anayekwenda kuaga. Fulana aliivua mwenyewe, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya stuli.

Mzee Shankala akatoa maelezo marefu ambayo kila mtu aliyajua. Kisha akasema, "Tunahitaji kifua kisicho na mashaka."

"Msengi!" watu wakaitika.

Alisukumwa mbele. Akapokea fulana, bado ilikuwa na joto la mwili wa Mama Kitundu na harufu ya mafuta ya nazi.

"Ukiitanua, utainunua," Mama Kitundu alimnong'oneza.

Akavaa. Kibandiko kikagusa kisogo.

Hakuna kitu kilichobana. Hilo ndilo lililomtisha. Alitegemea kubanwa kifua, kama Alhamisi. Badala yake ilikuwa kama kuvuta hewa kupitia blanketi lililoloana. Alivuta, ikaja nusu. Akavuta tena, ikaja robo, na robo yenyewe ilikuwa na unga. Alihisi unga ule ukitua ndani yake, mwembamba, mwororo, wenye subira. Aliutambua. Hakuna mtu mwingine duniani angeutambua.

Mkono wake ukaenda kiunoni wenyewe, kutafuta pa kujishikiza. Kichwa kikatikisika. Akakohoa.

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Huyooo!" mtu alipiga kelele juu ya ukuta. "Mama Kitundu mtupu!"

"Rudia, Msengi! Rudia ile ya kumalizia!"

Alijaribu kusema "siyo," ikatoka kho. Wakacheka zaidi. Wanawake walijifuta machozi. Akaushika ukingo wa tangi, na hata hilo lilikuwa kwenye mchezo wake wa foleni, hata kuushika ukingo. Alikuwa ameiga vizuri mno. Hakujiachia hata dalili moja ya kuumwa kweli.

"Mwacheni," Mama Kitundu alisema huku akicheka kwa huzuni. "Mtani wangu huyo. Ananiaga."

Mzee Shankala akainua mkono, naye akizuia tabasamu. "Basi, basi. Tumeshuhudia. Mtu mwenye afya anavaa na anapata hata nguvu za kucheza. Maji ni mazima. Mama Kitundu, utatuwia radhi."

Hapo, kwa muda wa kuvuta pumzi moja mbovu, Msengi alisikia raha. Ilimjia kabla hajaikaribisha: imeisha. Avue tu. Hakuna aliyemuuliza neno, hakuna uongo aliousema, wamejidanganya wenyewe. Na ile raha ndiyo iliyomtia aibu kuliko kinu, kuliko redio. Alimwona Mama Kitundu akinyoosha mkono kuipokea fulana, uso umeshakubali, akihangaika tu asilie mbele za watu.

Msengi akarudi nyuma. Hakuivua.

"Siyo utani," alisema.

"Huyu naye!" mtu akacheka.

"Siyo..." Akakohoa, akasubiri, akavuta kilichopatikana. "Siyo utani. Unga huu ni wangu. Nasaga. Nina kinu nyuma ya tangi."

Wachache bado walicheka. Mama Kitundu alikuwa mmoja wao, maana ilikuwa hadithi ileile ya juu ya ukuta na yeye aliipenda. "Na kwa upendo, mwambie mwenyekiti," alisema. "Ananisagia kwa upendo."

"Mama," Msengi alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa mtani tangu siku ya kwanza. Kicheko cha Mama Kitundu kilibaki usoni kidogo, hakijui pa kwenda.

"Nilikwambia kwenye utani ili usinikasirikie. Nilikwambia kweli nikakufanya ucheke. Nendeni mkaone. Bomba la nyuma, kabla ya ngoma."

Vijana wawili waliruka ukuta. Ua ulikuwa kimya sasa, na ndani ya ukimya ule kila mtu alisikia kile ambacho kelele za redio na vicheko zilikuwa zimekificha: ng'ambo, nyuma ya tangi la Msengi, kitu kilikuwa kinasaga, grrr, grrr, kwa utulivu wa mashine isiyo na kosa.

*

Hukumu haikuwa na makelele. Lango la Msengi lilifungwa. Nusu ya samaki wake waligawiwa matangi mengine, na waliobaki wangetunzwa kwa wavu na brashi. Uchafu uliosagwa haushikwi na wavu wala hauzami, lakini hupenda kupanda na mapovu. Kwa hiyo mashine ya povu ikaletwa, ikasimikwa kwa Mama Kitundu. Ilipuliza viputo vidogo kutoka chini, na juu yake povu la kahawia likajikusanya, likamwagikia kwenye ndoo. Kazi ya taratibu. Na ilitaka mtu wa kuvaa fulana ya tangi lile muda wote, wa kuwaeleza watu samaki wanaendeleaje ndani.

"Nitavaa mimi," Msengi alisema kabla hajaulizwa.

"Mtu hakai peke yake kwenye fulana ya maji kama hayo," Mzee Shankala alisema bila kumtazama. "Akizimia? Lazima akae na mtani wake."

Wote wakamgeukia Mama Kitundu. Angeweza kukataa. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Nitakaa," alisema.

Basi mchana wa Jumapili walikaa wawili uani, Mama Kitundu kwenye stuli, Msengi chini ameegemea tangi, kila pumzi akiinunua kwa jasho. Mama Kitundu hakukohoa hata mara moja. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia usoni. Msengi alikuwa amejiandaa kwa matusi; usiku kucha aliyapanga mwenyewe, moja baada ya jingine, na majibu yake. Angemwita mwanaharamu, naye angejibu. Angemwita mavi. Angalau hilo lilikuwa wazi, hata mtoto angelifikia.

Mama Kitundu alimwaga ndoo ya povu, akanawa mikono, akamletea uji.

"Karibu uji, Msengi."

"Asante, mtani."

Neno lile lilining'inia hapo bila mtu wa kulipokea. Mama Kitundu alimwekea bakuli karibu na mkono.

"Sukari inatosha?"

"Inatosha."

"Kama haitoshi useme tu, tafadhali."

Tafadhali. Msengi aliuinua uso. Alitafuta kwenye yale macho makali hata mkwaruzo mdogo, hata uchokozi wa kuanzia. Hakuna. Yalimtazama kwa upole na umakini, kama yanavyomtazama mtu aliyeshuka kwenye basi na kuulizia njia.

"Si unitukane tu," alisema. Ilimgharimu pumzi kadhaa. "Nakuomba. Niite chochote."

Mama Kitundu alifikiri. Aliinama, akamrekebishia kibandiko kilichokuwa kimekaa upande, vidole vyake vyepesi, visivyo na hasira.

"Kwa nini nikutukane?" alisema. "Mgeni hatukanwi."

Akarudi kwenye stuli yake, akakunja kanga magotini.

"Vuta taratibu, tafadhali," akasema. "Usiongee. Maneno yanakula hewa."

Msengi akavuta, taratibu, kwa adabu, kama alivyoambiwa.